Kutoka depo hadi bungeni: wafanyabiashara wa Masisi na Walikale katika njia ya siasa

Tarehe 28 Novemba 2011 Wakongomani walipiga kura kumchagua rais na wabunge wa taifa. Wilayani Walikale, kati ya majina ya wagombea lilikuwemo la Ntabo Ntaberi Sheka. Siku hiyohiyo Umoja wa Mataifa ulimwandika Sheka kwenye orodha ya watu waliowekewa vikwazo kwa sababu ya vita vya Kongo. Sheria ya nchi nayo ilikuwa inamtafuta tangu Januari ya mwaka huo. Hata hivyo kampeni aliifanya, na raia walimwona.

Waliokuwa mbali waliona ni ajabu. Kwa mtu wa Walikale, mgombea mwenye bunduki lilikuwa jambo zito, lakini mgombea aliyetoka kwenye biashara halikuwa jambo geni hata kidogo. Kabla ya kuongoza kundi la silaha, Sheka alikuwa mtu wa biashara ya madini. Katika wilaya hii na jirani yake Masisi, wafanyabiashara wameomba kura, wamepewa heshima ya kukata kesi, wameketi kwenye kamati za shule na za barabara. Njia hiyo ina historia yake. Imewafikisha wengine bungeni, wengine porini, wengine gerezani, na kuna waliopita sehemu zote hizo.

Duka lilitangulia ofisi

Walikale ina eneo la kilomita za mraba 23,475. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya jimbo zima la Kivu Kaskazini, na sehemu kubwa ni msitu. Masisi ni ndogo kwake mara tano hivi, kilomita za mraba 4,734, lakini ni milima yenye watu wengi, mashamba ya maharagi na viazi, na malisho ya ng'ombe. Jibini ya Masisi, ambayo mjini Goma inaitwa fromaje, inajulikana mpaka Kinshasa. Ukitoka Goma unapita Sake, unapanda hadi Masisi-kati, halafu Nyabiondo, ndipo unaanza kuteremka kuelekea msitu wa Walikale. Kwa jumla ni zaidi ya kilomita 200, na mvua ikinyesha hakuna dereva anayekuahidi siku ya kufika.

Katika nchi ya namna hiyo, mwenye duka ndiye anayekutana na watu wote. Mwalimu ambaye mshahara wake umekawia anachukua chumvi na sabuni kwa deni. Mgonjwa wa usiku anatafutiwa pikipiki kwake. Daraja la miti likivunjika, yeye ndiye wa kwanza kupata hasara kwa sababu gari lake limekwama ng'ambo, kwa hiyo ndiye anayenunua mbao na misumari na kuwaita vijana kwenye salongo. Anajua bei ya Goma, anajua vizuizi vya barabarani na kila kimoja kinadai kiasi gani, anajua askari gani wamebadilishwa. Mwenye daftari la madeni ya kijiji, hata kama hana cheo, akisema jambo anasikilizwa.

Huo ndio mwanzo wa siasa yake, na mara nyingi haanzi kwa kutaka. Anaombwa. Wazazi wanamtaka awe mwenyekiti wa kamati ya shule kwa sababu anaweza kuchangia mabati. Shirika la raia linamwita kwenye mkutano kwa sababu ana simu na ana gari. Akisaidia mara tatu, mara ya nne anaitwa mkubwa.

Inafaa kusema hapa kwamba kazi hiyo wanaume hawakuifanya peke yao, ingawa majina yanayosikika ni yao. Akina mama wanaobeba maharagi, muhogo na mafuta ya mawese kutoka soko hadi soko wameshikilia biashara ya wilaya hizi hata wakati ambapo wanaume waliogopa kuvuka mstari wa vita. Likelemba zao na vikundi vyao vya akiba vimelipa karo ya watoto wengi kuliko mfuko wowote wa serikali vijijini. Lakini orodha za wagombea zinapotengenezwa, ni wachache sana wanaokumbukwa.

Mashamba ya rafiki wa rais

Biashara na utawala havikuanza kuchanganyika juzi. Wabelgiji waliunda Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, mwaka 1928, wakaipa mamlaka juu ya ardhi kubwa. Mashamba ya walowezi yakafunguliwa Masisi, na kuanzia 1937 hadi katikati ya miaka ya 1950 watu wengi waliletwa kutoka Rwanda kuja kufanya kazi na kuishi huko. Mfanyabiashara mweusi wakati huo alikuwa mdogo: duka la kijijini, mzigo wa kichwani, labda baiskeli.

Halafu likaja tangazo la Mobutu la tarehe 30 Novemba 1973, lile la kuzairisha mali za wageni. Mashamba, maduka na viwanda vya wageni vikapewa Wazaire. Nani alipata? Si yule aliyekuwa na duka dogo Masisi-kati akijua kuuza na kununua. Waliopata vinono walikuwa karibu na chama na karibu na rais. Mfano unaotajwa kila mara ni Barthélémy Bisengimana, mkuu wa ofisi ya rais hadi 1977, aliyepata ardhi kubwa katika Masisi. Wengine walichukua hati za shamba wakiwa mjini, na wakulima waliokuwa wakilima pale kwa idhini ya mwami wao wakaambiwa sasa kuna mwenyewe.

Hapo njia iligeuzwa. Badala ya mtu kujulikana kwa biashara yake kisha akaingia katika utawala, mtu aliingia kwanza katika utawala kisha akapewa biashara. Wakubwa wengi wa leo katika jimbo hili wamejifunza somo hilo vizuri. Kesi za ardhi zinazoletwa mbele ya machifu na mahakama Masisi mpaka sasa, nyingi zina mizizi katika hati za miaka hiyo.

Soko la Ntoto

Tarehe 20 Machi 1993 ilikuwa Jumamosi. Wanamgambo walishambulia watu waliokuwa wamekusanyika kwenye soko la Ntoto, wilayani Walikale, wengi wa waliouawa wakiwa Wahutu. Vita vikaruka haraka hadi Masisi. Wahunde, Wanyanga, Wahutu, Watutsi, kila jamii ilizika. Maelfu walikufa na wengine wengi sana waliacha nyumba zao, kabla hata ya wakimbizi wa Rwanda kufika mwaka 1994 na kuzidisha mambo.

Wanahistoria wanaeleza sababu: ardhi, uraia, madaraka ya kimila, siasa ya vyama vingi iliyokuwa inaanza. Yote ni kweli. Ila kwa habari ya wafanyabiashara, mahali penyewe panasema kitu. Soko la milimani lilikuwa sehemu ambapo Mhunde alinunua kwa Mhutu, Mnyanga akamuuzia Mtutsi, na deni likaandikwa bila kuuliza kabila. Mwenye duka wa soko kama hilo alikuwa na wateja wa kila jamii, na kama angeomba kura angeomba kwa wote. Baada ya 1993 masoko yaligawanyika. Kuna watu ambao hawakuweza tena kukanyaga soko fulani, na kuna maduka yaliyobaki na wateja wa upande mmoja tu. Mfanyabiashara ambaye angekuwa kiongozi wa mji akawa kiongozi wa watu wake. Jambo hilo halijapona kabisa, na linaeleza mengi katika yaliyofuata Rubaya.

Bisie, ambako ndege zilitua barabarani

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu waligundua kasiterite nyingi katika kilima cha Bisie, ndani ya msitu wa Walikale. Kampuni ya zamani ya madini, SOMINKI, ilikuwa imekwisha kufa. Hakukuwa na barabara ya gari hadi kilimani. Wapagazi walipita msituni kutoka Njingala, mwendo wa siku mbili, na kutoka kilimani walibeba mizigo ya kilo 50 mgongoni. Sehemu ya barabara ya lami huko Kilambo ikawa uwanja wa ndege: magari yalisimamishwa, ndege ndogo ikatua, ikapakia mawe, ikaruka kwenda Goma. Kwa miaka kadhaa Bisie peke yake ilitoa sehemu kubwa zaidi ya kasiterite yote iliyouzwa nje kutoka Kivu Kaskazini.

Biashara ndogo ilibadilika mara moja. Aliyekuwa akiuza mchele, samaki wa mkebe, betri na viatu aliona kwamba mchimba migodi hana franka ila ana mawe, basi akapokea mawe. Polepole mwenye duka akawa negosia, mnunuzi wa madini. Negosia alikopa kwa wakubwa wa kontware za Goma, naye akawakopesha wachimbaji, na yote yalilindwa na wenye silaha. Kwa miaka mingi kilima kilishikwa na brigedi ya 85 ya jeshi, iliyokuwa chini ya kanali Samy Matumo. Wapagazi walilipa, wachimbaji walilipa, negosia walilipa. Mtu aliyefanya biashara Bisie alijifunza kila siku kwamba anayeshika njia anapata kuliko anayeshika nyundo.

Sheka alitoka katika mazingira hayo. Mwaka 2009 aliunda kundi lake, Nduma Defence of Congo, NDC. Alisema anawatetea watu wa Walikale ambao mali yao inaliwa na wageni, na malalamiko hayo hayakuwa ya uongo. Walikale imetoa mali nyingi na kupata kidogo. Lakini kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, makundi ya silaha, la kwake likiwemo, yaliingia katika vijiji 13 kwenye barabara ya Kibua na Mpofi, Luvungi ikiwa ndani. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu 387 waliobakwa, wanawake, wanaume na watoto. Hao ndio watu wa Walikale wenyewe, wateja wa masoko yaleyale.

Mwaka uliofuata akaomba kura zao. Hakuchaguliwa. Alibaki porini mpaka Julai 2017 alipojisalimisha kwa MONUSCO. Kesi ilianza Goma Novemba 2018 mbele ya mahakama ya kijeshi, na tarehe 23 Novemba 2020 alihukumiwa kifungo cha maisha. Wahanga walikuja kutoa ushahidi, wengine baada ya kungoja miaka 10.

Wawili wa Rubaya

Upande wa Masisi, mali ni koltani ya Rubaya. Bei yake ilipanda sana duniani mwaka 2000, viwanda vya simu na vya michezo ya kompyuta vilipoitafuta, kisha ikaanguka mwaka uliofuata. Wengi walipata pesa na kuzipoteza kabla ya kujenga hata nyumba ya mabati.

Watu wawili wa Rubaya wanafaa kutazamwa pamoja. Wa kwanza ni Édouard Mwangachuchu Hizi. Alikimbilia Marekani wakati wa matatizo ya miaka ya 1990, akarudi 1998, akaingia katika koltani. Kampuni yake, ambayo baadaye iliitwa Société Minière de Bisunzu, SMB, ilipata hati ya serikali juu ya vilima vya Rubaya. Alikuwa mkuu wa chama cha siasa cha CNDP na mbunge wa taifa wa Masisi. Wa pili ni Robert Seninga. Yeye alijulikana kupitia COOPERAMMA, ushirika wa wachimbaji wadogo wa Masisi. Alichaguliwa mbunge wa jimbo, na mwaka 2019 akawa spika wa bunge la jimbo la Kivu Kaskazini.

Mmoja alikuwa na hati, mwingine alikuwa na watu. Mwaka 2013 kampuni na ushirika walikubaliana: wachimbaji wafanye kazi ndani ya hati ya SMB na mawe wauzie SMB. Kwenye karatasi ilikuwa sawa. Kwenye kilima, wachimbaji walilalamika malipo yanachelewa, kampuni ikalalamika mawe yanapitishwa kwingine, kukawa na maandamano na mara nyingine damu ikamwagika. Kwa sababu mwenye kampuni alikuwa Mtutsi na wachimbaji wengi Wahutu, kila ugomvi wa bei uligeuka ugomvi wa jamii. Hapo ndipo jeraha la masoko ya 1993 linaonekana. Bei ya kilo moja ya koltani ingeweza kujadiliwa mezani kama bei ya gunia la viazi, lakini wanaojadili walikuwa pia wabunge, kila mmoja na wapiga kura wake nyuma yake.

Serikali iliyopaswa kuamua ilikuwa nusu ndani ya mezani hiyo. Mei 2021 hali ya dharura ya kijeshi ilitangazwa Kivu Kaskazini na Ituri, bunge la jimbo likasimamishwa, na spika akabaki bila bunge. Mwangachuchu alikamatwa Kinshasa Machi 2023, na Oktoba ya mwaka huo mahakama kuu ya kijeshi ikamhukumu kifo kwa uhaini na kushirikiana na M23. Yeye alikana. Mwisho wa Aprili 2024 M23 waliingia Rubaya. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika baadaye kwamba kundi hilo lilikuwa linapata angalau dola 800,000 kwa mwezi kutokana na kodi ya koltani ya hapo. Aliyelipishwa ni negosia na mchimbaji, kama ilivyokuwa Bisie.

Ngazi ambayo haina kipago cha chini

Mtu anaweza kusema kwamba hawa ni wakubwa, na kwamba mwenye duka wa kawaida wa Nyabiondo au Mubi hana shida nao. Lakini tazama ni kiti gani mwenye duka huyo anaweza kuomba.

Masisi ina usultani wa Bahunde na wa Bashali, pamoja na sekta za Katoyi na Osso-Banyungu. Walikale ina sekta mbili, Wanianga na Bakano. Sheria ya Oktoba 2008 inasema kila usultani na kila sekta iwe na baraza la madiwani waliochaguliwa na raia. Mwami anarithi kiti chake, hilo linajulikana, lakini madiwani wangeketi pembeni yake wakiuliza kodi ya soko imekwenda wapi. Tangu katiba ya 2006 uchaguzi huo haujawahi kufanyika katika sultani wala sekta yoyote ya nchi. Desemba 2023 madiwani walichaguliwa katika komuni za miji mikuu ya majimbo tu. Goma ilikuwemo. Masisi haikupiga kura ya aina yoyote, hata ya rais, kwa sababu ya vita. Walikale ilipiga ya rais na ya wabunge.

Kwa hiyo mfanyabiashara mdogo aliyezoea kujenga madaraja na kusimamia shule, akitaka kutumikia kwa cheo, lazima aruke moja kwa moja hadi bunge la jimbo au la taifa. Huko kampeni inataka gari, fulana, pombe na pesa nyingi. Na tangu sheria ya uchaguzi ya 2017, orodha ya ubunge wa taifa isiyofikisha asilimia 1 ya kura za nchi nzima haipati kiti, hata kama mtu wake ameongoza nyumbani. Anayependwa na kijiji chake bila chama kikubwa anaweza kushinda kura na kukosa kiti. Basi anatafuta mkubwa wa kumbeba, na mkubwa huyo baadaye anadai deni lake. Ni wazi kwamba mpango huu unamfaa mwenye madini kuliko mwenye duka.

Hasara yake inahesabika. Sheria mpya ya madini ya Machi 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 10 mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 inarudi kwa utawala wa mahali mgodi ulipo. Pia kampuni lazima itenge angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii za jirani. Bisie siyo tena ya wapagazi. Kampuni ya Alphamin ilianza kuzalisha bati huko mwaka 2019, na mgodi wake unahesabiwa kati ya mikubwa ya bati duniani. Pesa za sehemu ya mahali si ndogo kwa wilaya isiyokuwa na barabara nzuri. Zinapoingia, zinasimamiwa na viongozi walioteuliwa na kamati ambazo wajumbe wake hawakupigiwa kura na raia wote. Mwenye depo wa Walikale-kati, anayejua bei ya mfuko wa saruji kuliko mtu yeyote, akiona shule imejengwa kwa bei mara mbili, anaweza kulalamika kupitia shirika la raia au redio. Kiti cha kuulizia hana.

Januari 2025 M23 waliingia Masisi-kati, kisha Goma. Machi wakafika hata Walikale-kati, mgodi wa Bisie ukasimama kwa wiki kadhaa, na mwanzoni mwa Aprili wakaondoka. Wenye maduka walifunga milango na wengine wakakimbilia msituni na bidhaa walizoweza kubeba. Waliporudi, wapo waliokuta rafu tupu. Walianza tena na katoni za sabuni na chumvi kwa deni. Kwenye vijiji vya barabarani, wa kwanza kuita salongo ya kufukia mashimo ili pikipiki zipite walikuwa haohao, pamoja na akina mama wa soko waliotaka mafuta yao ya mawese yafike kabla hayajapoteza bei.